Shingo ya Babu

Picha ya babu ilikuwa ya rangi za mafuta. Ilichorwa na Mzungu mmoja aliyekuwa na nyumba ufukweni Diani hapo zamani, na babu alikuwa mpishi wake. Mzungu akarudi kwao, babu akafa mama yangu akiwa angali ananyonya, na sura yake haikubaki popote ila kwenye kitambaa kile. Bibi aliitundika chumbani mwake, Mwabungo, ikala moshi wa koroboi na chumvi ya bahari hata uso ukapotea. Mimi sikuwahi kumwona babu. Niliona giza lililovaa kofia.

Mwaka wa zile vurugu, watu wa bara walipokuwa wakisakwa Ukunda, bibi alimficha mume wangu mle chumbani. Mume wangu ni mtu wa bara, alisilimu ili anioe, na dini yake ilikuwa ya dhati lakini changa. Alitoka mle akiwa hai, na tangu hapo akawa anatafuta namna ya kulipa fadhila. Nilimwambia fadhila kama ile hailipwi. Hakunisikia, maana yeye akishika jambo huling'ang'ania kama kupe.

Kisha bibi akaugua. Nilikuwa naye hospitali Msambweni, tumbo limemvimba, macho yamefifia, na kila siku ombi lake lilikuwa lile lile: amwone mumewe mara moja tu kabla hajaondoka. Daktari alikuwa ameshatuambia tumrudishe nyumbani tukamtunze, kwa hivyo sote tulijua muda wenyewe ni mfupi.

Mume wangu akaona mlango umefunguka. Alikuwa karani wa hoteli ambayo wageni walikuwa wameikimbia, na kompyuta ilikaa bure mezani. Aliazima kamera isiyotumia filamu, akaitoa picha ya babu uani, akaipiga kipande kwa kipande, kisha akaviunga vipande vile kwenye kompyuta. Akapunguza umanjano wa moshi, akaongeza mwanga, na uso ukaanza kujitokeza. Kila ufa na kila mahali palipobanduka akapatia alama nyekundu, halafu akapaziba kwa rangi ya jirani yake, mpaka mtu akatimia. Alitoa karatasi mbili, moja yenye alama na moja yenye uso mzima, akampelekea mchoraji wa Kona ya Musa aliyezoea kuwachorea watalii tembo, pamoja na picha yenyewe, akamwonya aifute moshi tu, na asitie rangi ila penye nyekundu. Ilikuwa kazi safi, na hata leo sitaisema vibaya. Alama ndefu kuliko zote ilikata shingo, upande hadi upande.

Tulipomleta bibi nyumbani, picha ilikuwa imeshatundikwa mbele ya kitanda chake. Nikamwona babu. Alikuwa kijana, na mdomo wake ulikuwa wa mama yangu, ule wa kukucheka kabla hujamaliza kusema. Nililia bila haya. Bibi naye alitabasamu, akamtazama sana, kisha macho yakashuka shingoni na tabasamu likamtoka.

"Alama yake iko wapi?"

Mume wangu alijibu kwa furaha. "Ule ufa nimeuziba, Bibi."

"Haukuwa ufa. Nilimkata mimi."

Sote wa nyumba ile tulijua, na kwa kuwa tulijua tangu utotoni hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni. Babu alipokufa, mwalimu wa chuo cha Kurani alimwambia bibi kwamba malaika wa rehema hawaingii penye sura ya kiumbe, basi aichome, au atenge kichwa na mwili kwa mstari ili isiwe tena kitu chenye roho. Bibi akachukua kisu cha samaki. Kwa mstari ule aliswali na mumewe chumba kimoja ujane wake wote.

Mume wangu alikaa sakafuni. Akasema ataipeleka chumba kingine. Bibi hakutaka, alikuwa amemngoja mno. Wala hakutaka kufa hapo, malaika wamesimama nje. Aliomba kisu, lakini vidole havikuweza kukishika, akanipa mimi.

"Kata wewe, mwanangu. Wewe ni damu yake."

Nilikata. Rangi ya shingoni ilikuwa bado mbichi, ikashika kwenye ubavu wa kisu. Nilikuwa na hasira na mwalimu yule, na mume wangu, na bibi pia, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimepewa babu, na hata chai haijapoa naambiwa nimchinje.

"Alhamdulillahi," akasema bibi. "Sasa nisogezee."

Alifariki kabla ya Ijumaa, ametulia, uso umeelekea ukutani alipokuwa mumewe. Baada ya mazishi mume wangu aliniuliza kama nataka ile karatasi yenye uso mzima. Nilimwambia aichome, na akaichoma. Siku hizi nikijaribu kumkumbuka babu, uso hauji. Huja shingo, na mkono wangu ulioshika kisu.