Omotembe Langoni

Mwaka 1968, nilipokuwa mtoto ambaye hajaanza shule, mama yangu alipanda mti wa omotembe langoni kwetu, karibu na Ekerenyo. Nyumba yetu ya mabati ilikuwa mpya. Majirani walikuwa wamepanda bogenvilia, na mama hakutaka ua la kila mtu. Aliuona mti huo mfupi malishoni, hauna jani hata moja, umejaa maua mekundu. Akakata tawi, akalichomeka langoni.

Mama alizaliwa kando ya ziwa. Hakujua kwamba kwa Wagusii, watu wa baba, omotembe ni mti wa kiapo. Wagombanao walipelekwa kwenye mti huo, na aliyeushika akasema uongo, iliaminika, hakukawia kufa.

Bibi, mama yake baba, aligoma kuvuka lango. Alisema na mama kwa Kiswahili, lugha pekee waliyoelewana.

"Mama Kemunto, hiyo kitu ng'oa."

"Mama, ni maua tu."

"Maua gani? Umeleta korti mlangoni!"

Mama hakuung'oa. Wageni wakaanza kupitia nyuma, kwenye migomba. Jirani yetu, Mama Nyaboke, alisimama njiani akauliza, "Hapo kwako, mtu akisema ameshiba na hajashiba, anakufa?"

"Njoo ule ushibe kweli," mama akamjibu.

Hakuja.

Tawi lilikuwa limeshika na kumpita mama kwa urefu wakati kibuyu cha Bibi cha maziwa ya mgando kilipokutwa kitupu. Wanawake wakasema ni yule mtu wa ziwa. Bibi aliacha kutuita jikoni kwake. Baba alikuwa kazini Kisumu, na mama hakuwa na jamaa mwingine hapo.

Asubuhi moja aliwaita Bibi na Mama Nyaboke langoni. Akaushika mti, miiba na yote.

"Kama nilionja maziwa ya kibuyu cha mama, mti huu..."

Bibi akamvuta mkono. "Nyamaza! Usimalize!"

"Mwache amalize, tujue," akasema Mama Nyaboke.

"Basi shika wewe kwanza," Bibi akamwambia.

Mama Nyaboke akarudi nyuma, mikono ndani ya leso.

"Mwizi hawezi kulala karibu na omotembe," Bibi akasema. "Huyu anaumwagilia maji."

Nimefanya kazi ya kuuliza maswali kwa miaka mingi, na sijapata ushahidi kwamba mti huo uliwahi kuua mtu. Nilichokiona ni kwamba imani iliyowafukuza wageni wa mama ndiyo iliyomtetea siku alipokosa shahidi. Hata hilo hakulipanga. Yeye alitaka maua.

Aliyekunywa maziwa hakujulikana. Nilikuwa nimeanza shule mti ulipochanua mara ya kwanza. Siku hiyo Bibi aliingia kwa kupitia langoni, akampa mama kibuyu cha maziwa, wakanywa.