Kisanduku cha Baridi Juu ya Musienene

Ule ulikuwa mwaka tuliokula viazi vilivyoungua na baridi, vyenye utamu mbaya kama wa dawa, pamoja na majani ya boga bila mafuta. Harufu ile ya majivu na ukungu haijanitoka puani. Tulikaa mlimani, juu ya Musienene. Bwana mmoja wa hali ya hewa akaja kutoka Butembo, akasimamisha kando ya shamba letu kisanduku cheupe chenye miguu mirefu, ndani yake kifaa kinachopima joto na kujiandikia chenyewe. Alisema bureau yao, ofisi ya hali ya hewa, huchukua joto la Beni, kule chini, ikalipunguza kwa kukisia urefu wa mlima, ikasema basi, hili ndilo joto lenu. Yeye alitaka la kweli. Baba alivimba kifua kama jogoo: kati ya watu wote, kisanduku kimekuja kwake!

Lakini mbuzi walikisugua, watoto wakakirushia mawe. Baba akakizungushia ua wa matete, akaniingiza humo nikilinde, mimi binti yake wa kwanza. Msimu mmoja tu, alisema, kisha nitaanza masomo. Kaka zangu walipita wakienda shule. Niliona miguu yao tu chini ya matete. "Madame Kisanduku, baridi iko ngapi leo?" walinicheka. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukanifunika kama kifuniko cha sufuria.

Mama alinihurumia. Akaniletea babula, jiko dogo lenye makaa, akaiweka chini ya kisanduku, upepo usiizime. Bwana aliporudi akakuta mlima wetu una joto kuliko Beni. Akainama, akaona majivu.

"Mama, mumenipikia mulima," alisema, wala hakucheka.

Ikabidi kuanza upya. Baba akafungua ua, akaninyooshea kidole niingie tena.

"Hapana," nikasema. "Muweke mbuzi humo."

Kofi lake ndilo lililoniingiza. Msimu wa pili ulipokwisha, shuleni wakasema nimeshakuwa mkubwa mno. Herufi hizi chache nilizipata kanisani.

Leo mjukuu wangu Masika anahesabu joto la milima kwa kompyuta. Ni damu yangu huyo! Anasema simu inatupa joto la mjini, na mashine za angani hazijui baridi inavyolala bondeni mwetu; bila kipimo cha hapa hapa, hesabu itabaki ya kukisia, na watu watazidi kupanda viazi vya kuungua. Juzi alikuja na mwenzake wa kazi, wakasimika shambani kwangu kifaa kidogo kama kopo, wakakizungushia waya. Niliwapikia kuku. Kisha Masika akamtazama Kahindo, mtoto wa dada yake ninayemlea, akaniambia mimi bibi yake:

"Koko, lakini lazima mutu akilinde. Kahindo akae pale kidogo, msimu huu tu. Masomo itamungoja."

Kahindo akainama, akatazama miguu yake. Nikasikia matete yale ya zamani yakinigusa mgongo. Baridi ni ileile, ila wa kunipiga kofi hayupo tena.

"Hapana," nikasema. "Muweke mbuzi humo."