Kona ya Chaga

Harufu ya mbao zikipigwa randa ikinipata, fundi huwa ananiuliza kitanda nataka futi ngapi, kumbe mimi kimawazo nishafika Changamwe ya utotoni zamani.

Tulijenga barabara ya mashindano kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mbao tupu, tulizookota karibu na gereji za malori. Kona tuliiinua upande mmoja ili vigari vyetu vya magurudumu ya beringi visirukie mtaroni. Zikapungua mbao mbili. Wenzangu wakasema basi, hakuna mashindano. Nikakimbia nyumbani, nikachomoa chaga mbili za kitanda cha mama, tukazipigilia kwenye kona.

Nikawa wa kwanza kushuka. Nikaipita ile kona, wallahi, matako yanawaka moto! Kuinua macho, mama huyu hapa.

"We mtoto, hizi si chaga zangu?"

"Ni zako, mama. Lakini mchana kutwa zalala tu, hazina kazi."

Mama akaitazama kona, akaona misumari imelegea. Akakaza leso kiunoni, akachutama.

"Haya, shuka tena nikuone."

Nikashuka mara tatu, na mara zote tatu mikono yake ilikuwa imezishika zile mbao zisiachane.