Moja Iliyokuwa Kumi

Mwaka tuliohamia Itiryo kutoka Ringwani, binti yangu alikuwa darasa la pili, na mimi nilikuwa nafundisha hisabati kidato cha tatu na cha nne. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilivyokuwa najiona. Pale sekondari niliandika logarithimu ubaoni bila kushika kitabu, na njiani nilipenda wanafunzi waniogope kidogo. Somo la binti yangu halikuitwa hata Hisabati. Kwenye ratiba yake liliandikwa Kuhesabu, na nililicheka.

Jioni moja akanionyesha daftari lake. 32 kutoa 15, ameandika 23, na chini yake makosa mengine ya namna ile ile. Alikuwa anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Nikamwambia akae, hilo ni jambo la dakika tano.

"Kwenye mbili huwezi kutoa tano," nikamweleza. "Kwa hiyo unachukua moja kwa jirani yake, yule tatu. Sasa hii mbili inakuwa kumi na mbili."

Aliigusa ile mbili kwa kidole. "Nimechukua moja," akasema. "Mbili na moja ni tatu."

"Hapana. Ni kumi na mbili."

"Kwa nini, tata?" akauliza; kwetu baba huitwa hivyo.

Nikamwambia ndivyo sheria ilivyo, kisha nikairudia sheria yenyewe kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yake. Akaanza kulia. Mama yake akaja, akalichukua daftari, na akaniuliza kama na wale wa kidato cha nne nawafundisha hivyo. Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo.

Asubuhi nilikuwa nimeshaamua kwamba kosa ni la mwalimu wa shule ya msingi. Nilivaa koti, nikaandika karatasi mbili za ushauri, na kwa kuwa sikuwa na kipindi kabla ya saa tano, nikapanda kilima kwenda shuleni kwao. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Wapo wazazi pale kijijini aliowafundisha wao kwanza, halafu watoto wao. Nilimpa shikamoo, akaitikia, na akanisikiliza mlangoni mpaka nilipomaliza habari za thamani ya nafasi. Karatasi zangu alizikunja vizuri, akaziweka mezani chini ya kopo la chaki. Kisha akanipa chaki.

Alisema watoto watafurahi kufundishwa na mwalimu wa sekondari.

Nikaandika 41 kutoa 26. Nikaeleza kwa utaratibu, nikapiga mistari kwa rula, nikauliza kama wameelewa. Darasa zima likaitikia kwamba limeelewa, na mimi, niliyekuwa kazini miaka kumi na moja, nikaamini. Nikafuta ubao, nikawapa swali lile lile walifanye kwenye madaftari. Nilipopita katikati ya madawati nilikuta 25, 25, 25. Mmoja alikuwa amechora kuku.

Ndipo binti yangu akanyoosha mkono. Niliomba moyoni asiulize. Akauliza, mbele ya wote, kama nimeshajua ile moja inakuwaje kumi.

Watoto hawakucheka, maana na wao walikuwa wanasubiri jibu. Aliyecheka ni mwalimu wao, tena taratibu, akiwa ameangalia dirishani. Kisha akafungua kabati, akatoa vijiti vya mabua ya mtama vilivyofungwa kumi kumi kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Alinipa mafungu manne na kijiti kimoja.

"Hiyo ni arobaini na moja," akasema. "Mura, nipe ishirini na sita." Mura, yaani kijana, kama alivyowaita wavulana wake.

Mafungu mawili nilimpa haraka. Nikampa na kile kijiti kimoja. Vilibaki vijiti vitano vya kumpa, na mkononi nilikuwa na mafungu mawili tu. Nikakwama. Nakumbuka jasho ndani ya lile koti. Nakumbuka pia kwamba kichwani nilikuwa natafuta kanuni.

"Fungua," akaniambia msichana wa dawati la mbele, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kwenda chooni.

Nikafungua fungu moja. Mpira ukaruka, vijiti vikamwagika sakafuni, na nikapiga magoti kuviokota huku watoto wakinihesabia. Vilikuwa kumi. Nilikuwa nimechukua fungu moja, na lilikuwa kumi tangu mwanzo. Nilimpa mwalimu vitano vyake. Nikabaki na fungu moja na vijiti vitano, nikatamka "kumi na tano" kwa sauti ndogo ya mtu aliyefumaniwa.

Niwe mkweli. Sheria ile niliijua tangu nikiwa mdogo, nikafaulu nayo mitihani yote mpaka chuo, lakini siku ile ndipo nilipoielewa, nikiwa nimepiga magoti na ndevu zangu. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya mahafali. Kisha nikaona aibu ya kufurahi.

Nilimwomba mwalimu ruhusa ya kuja kukaa darasani kwake kila Ijumaa asubuhi. Alisema dawati la nyuma lina nafasi, ila nije bila koti. Nikaenda muhula mzima, magoti yakigusa kidevu, tukafika mpaka kuzidisha. Binti yangu alikuwa akipata baadhi na kukosa baadhi, na hakutaka tukae pamoja.

Ijumaa ya tatu au ya nne, mtoto niliyekaa naye aliniuliza kwa kunong'ona nimerudia darasa la ngapi. Nikamwambia la pili. Akanisogezea vijiti vyake tutumie wote.