Shati la Satini Ndani ya Kilti

Niseme ukweli tangu mwanzo: nusu ya Wakenya wa Arlington, huku ughaibuni, wameniona na kaptura yangu ya kulalia, kanisani, mbele ya madhabahu, na hakuna wa kulaumiwa ila mimi na shati nililolichagua mwenyewe.

Ilikuwa harusi ya Mwende, dadangu mdogo, aliyekuwa anaolewa na Craig, mwalimu wa hesabu kutoka Fort Worth. Ukoo wa kina Craig ulitoka Uskoti zamani sana, lakini mpaka leo wanaume wa kwao wakiwa na harusi wanavaa kilti, ile sketi nzito ya sufu yenye marinda nyuma na mkanda mpana kiunoni. Baba yetu alishafariki, kwa hivyo mimi ndiye niliyepaswa kumsindikiza Mwende hadi mbele, na babake Craig, Mzee Bruce, akanitumia ujumbe kwamba wangefurahi sana nikivaa kilti ya rangi za ukoo wao. Nikakubali haraka, kwa sababu hizi familia mbili zilikuwa bado hazijazoeana. Mama alikuwa amefika kutoka Machakos wiki mbili kabla, na siku tulipoalikwa kula kwa kina Craig alikaa kimya muda wote akikata nyama vipande vidogo vidogo, nao wakamtabasamia mpaka nikawahurumia mashavu. Nikafikiri nikivaa nguo yao labda kitu kitalegea. (Kililegea kweli.)

Kilti ilikodishwa bila shati. Mwende akaninunulia shati jeupe la pamba, la kawaida tu, likaletwa mpaka kwangu Pearland, kisha akanipigia simu. "Vaa hilo," akasema, "na usianze mambo yako."

Nikalijaribu mbele ya kioo, nikajiona kama mwanafunzi wa darasa la nane aliyerudia mara ishirini. Sasa mimi nilikuwa na shati langu la satini, rangi ya krimu, refu karibu kufika magotini, nililoshonewa na Mama Furaha, fundi Mkongomani wa pale Alief, na kila nilipolivaa watu waliniuliza limetoka wapi. Nikampelekea akaze vifungo, nikamweleza kwamba nitalichomekea ndani ya kilti. Akaacha kushona. "Kaka, iyi haiingiake ndani," akaniambia. "Inabakiaka inje." Nikamjibu najua ninachofanya, nikaliacha la pamba kitandani, nikaendesha gari kwa muda wa saa nne na zaidi mpaka Arlington nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Kazi ilianza kwenye chumba cha kubadilishia. Lile shati refu lote likajikusanya kiunoni, nikawa kama mama mjamzito, ikabidi nilegeze mkanda matundu mawili ili niweze kupumua. Mama alipoingia akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye soksi. "Baba yako angekuona," akasema, na hakumalizia.

Nikampa Mwende mkono, tukaanza kutembea kuelekea madhabahuni. Tulikuwa hatujafika nusu ya njia nilipohisi ubaridi kwenye nyonga, ndipo nikaelewa kwamba sufu ni nzito na satini inateleza, na kwamba kila hatua kilti inashuka kidogo. Nikaibana kwa kiwiko cha kushoto, nikawa natembea nimejikunja kama mgonjwa siku ya kwanza baada ya upasuaji (mimi ni nesi, wagonjwa hao nawatembeza kila siku, na sasa nawaheshimu zaidi).

"Mbona unatembea hivyo?" Mwende akaninong'oneza.

"Tembea tu."

"Umevaa shati gani?"

"Tembea, Mwende."

Tukafika. Pasta akauliza ni nani anayemtoa bibi harusi, nami nikajibu kwa sauti nzito kwamba ni mimi, kisha, kama tulivyofanya mazoezi, nikainua shela yake kwa mikono miwili. Miwili. Kilti ikaanguka, na chuma cha mkanda kikagonga sakafu kwa mlio uliosikika hadi viti vya nyuma. Na lile shati, ambalo kwa urefu wake lingeweza kunisitiri, lilikuwa limekunjamana juu ya tumbo upande mmoja, kwa hivyo kaptura yenye picha za mananasi ikaonekana na kila aliyekuja. Sikuweza hata kuinama, maana shela ilikuwa bado mikononi. Nilichowaza ni kwamba nimemwaibisha mama yangu mbele ya wakwe.

Mzee Bruce akainuka. Goti lake ni bovu, lakini alikuja mpaka mbele, akapiga magoti, akaipandisha kilti na kujaribu kuifunga. Ikateleza tena. Akajaribu mara ya pili, ikateleza. Mara nikasikia viatu vya Mama upande wa pili.

"Inua mikono," akaniamuru kwa Kikamba, kama nilipokuwa na miaka sita, nami nikainua. Akalichomoa shati lote, akalikunja mpaka kifuani na kulishikilia, kisha akamtazama yule mzee na kumwambia kwa Kiswahili, "Kaza." Akakaza. "Kaza zaidi." Akakaza zaidi, mimi pumzi imenikatika, na Mama akaanza kucheka, kicheko chake kamili ambacho sikuwa nimekisikia tangu atue Houston. Mzee Bruce naye akacheka akiwa bado chini, kanisa zima likafuata, na Mwende akacheka mpaka rangi ya macho ikamchuruzika.

Kwenye karamu wale wawili walikaa meza moja. Mama akaniita nimtafsirie: alitaka kujua hilo goti limeanza kuuma lini, na kama wanalikanda kwa maji moto. Walizungumza kuhusu goti karibu saa nzima, nami nikiwa katikati, shati nje, sijali tena.

Nimeapa kwamba mtu akinikaribisha kwenye mavazi ya kwao, kioo changu hakitaulizwa maoni tena. Juzi Mzee Bruce alipiga simu. Mdogo wake Craig naye anaoa, na wangependa nisimame pamoja nao nikiwa na kilti. Nikamwambia nitakuja, ila kwanza anijibu swali moja.

"Shati, mzee, nivae lipi?"