Koti Moja kwenye Lifti ya Theluji

Kuna mtu kwenye simu yangu ambaye simjui, na yeye hanijui. Anazunguka Ulaya kwa gari lenye kutu, na kila akifika kwenye mlima wenye theluji anasimama kupiga picha lifti, vile viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha juu watu wanaokwenda kuteleza. Hapigi kitu kingine. Hapigi makanisa wala chakula. Nilipoziona picha zake mara ya kwanza nilikuwa nimekaa juu ya furushi la jinzi Barabara ya Zhanqian, hapa Guangzhou, China, namsubiri mama mdogo amalize kubishana na mwenye duka. Nikasema moyoni, huyu tungeelewana.

Tangu hapo na mimi nikaanza. Guangzhou hakuna milima ya theluji, lakini waya za kubeba watu zipo. Mlima Baiyun kuna vibanda vya kioo vinavyopanda juu ya miti, na viwanja vingine vya starehe vina viti. Kila ninakopelekwa kwa kazi, kwanza naangalia juu. Picha zangu hazina watu. Nasubiri kiti kitupu kipite, ndipo nabonyeza. Mtu ukitaka kumpiga picha inabidi umwombe, na kuomba kwangu ni kazi nzito kuliko kubeba furushi.

"Viti vyote vitupu," mama mdogo aliniambia siku moja, akizipitisha kwa kidole. "Kama harusi iliyovunjika asubuhi."

Mama mdogo ananunua nguo hapa na kuzituma nyumbani Tanzania. Mimi nilimaliza darasa la saba nikakaa tu, mpaka aliponileta nimsaidie. Nabeba, nafunga, na napiga picha bidhaa za kuwatumia wateja. Kuandika kunanichukua muda mrefu, kwa hiyo maneno anayasema yeye kwa sauti, simu ikiwa karibu na mdomo kama anataka kuing'ata.

Mwaka huu alipata koti. Lilikuwa zito, jekundu, kofia yake ina manyoya, na ukilivaa unakuwa mpana kama mlango. Alililenga kwa waendesha bodaboda wa Makete. Anayeijua Makete anajua kwamba mwezi wa sita, alfajiri, siti ya pikipiki inashika barafu, na mtu anaikwangua kwanza ndipo akae. Umoja wao ulitaka makoti ya wanachama wote, wangeamua kwenye kikao cha saa tatu asubuhi kwao, saa nane mchana huku, na mfanyabiashara mwingine alikuwa ameshawaonyesha la kwake. Mama mdogo alikuwa amewahangaikia wale watu tangu msimu uliopita.

Siku ya kikao nilimpiga picha amelivaa mlangoni mwa duka, anatabasamu. Mwenyekiti wa bodaboda akajibu kwa sauti, taratibu, kama anayetoa pole msibani.

"Mama, koti ni zuri. Lakini hapo ulipo unatoka jasho. Nyuma yako kuna mtu kavaa kaptula anakula aiskrimu. Sasa sisi tutajuaje kama linazuia baridi? Yule mwenzako anasema lake limejaribiwa."

"Limejaribiwa wapi?" mama mdogo akaniuliza mimi. "Kwenye friji?"

Siku hiyo tulikuwa twende Shiling kuangalia mikoba, na gari lilikuwa limeshakodiwa.

"Njia hiyo ya Shiling, kule Huadu, kuna ukumbi wa theluji," nikasema. "Wanaitengeneza ndani. Kuna baridi. Na lifti."

"Na nini?"

"Baridi."

"Umesema na lifti." Akaniangalia kwa jicho moja. "We mtoto, hili ni wazo la koti au ni wazo la lifti?"

"La koti."

Sikuwa nadanganya sana.

Dereva wetu alikuwa Mchina mnene, mpole, aliyewabeba Watanzania mpaka akajifunza Kiswahili cha sokoni. Alipouliza, "Mama, leo mikoba?" mama mdogo akamjibu, "Leo kwanza baridi, laoban." Hapa kila mtu unamwita laoban, yaani bosi, hata anayekusukumia toroli.

Tulipopita karibu na Mlima Baiyun nikaomba tusimame kidogo. Niliomba kwa sauti ndogo mpaka ikabidi mama mdogo arudie kwa niaba yangu, akiongeza kwamba watu wanaganda Makete huku sisi tunatalii. Nikashuka, nikangoja kibanda kitupu, nikapiga. Dereva akaitazama picha kwenye simu.

"Mtu hakuna?"

"Hakuna."

"Ya kuuza?"

"Hapana."

"Sasa ya nini?"

"Hata sisi hatujui, laoban," mama mdogo akasema. "Tunamlea tu."

Kule ukumbini, mlangoni, wanakukodisha viatu vya theluji na nguo za baridi. Viatu tulichukua. Nguo mama mdogo alikataa. "Muuza makoti akodi koti? Wakituona watasemaje?" Hakuna aliyekuwa akitujua pale, lakini koti letu lilikuwa moja na alilivaa yeye. Mimi nilikuwa na sweta ninayovaa kanisani. Dereva alituangalia, akarudi juani. "Baridi, mimi hapana," akasema.

Ndani kulikuwa kama ghala kubwa ambamo mtu amemwaga unga mpaka dirishani. Upande mmoja lifti ilikuwa inapanda, viti vikipita kimoja baada ya kingine bila kelele, na mimi nikasahau koti, bodaboda na Makete yote. Nilipiga picha mpaka vidole vikaacha kunisikia. Mama mdogo akanivuta sikio, nikampiga picha na yeye amesimama kwenye theluji, tukatuma.

Jibu likaja upesi. "Mama, tumeona. Mwenzetu mmoja hapa anauliza kama hiyo si chumvi. Halafu umesimama. Sisi hatusimami, tunakwenda, na upepo ndio unaoua. Kusimama mtu anaweza hata kwa kanga."

Mama mdogo akaitazama lifti. Ilikuwa inakwenda, na ilikuwa inapanda kwenye upepo wa mashine za baridi. Mimi nilishaiona tangu mwanzo.

Msimamizi wa lifti alikuwa kijana wa rika langu, kafunika uso kwa kitambaa. Akaelekeza kidole miguuni kwetu. Hatukuwa na mbao za kutelezea. "Bu xing," akasema, haiwezekani.

Hilo neno tunalisikia kila siku, na mama mdogo ana dawa yake. Mwenye duka akisema bu xing, unaweka bidhaa chini, unageuka, unaondoka polepole bila kuangalia nyuma, na kabla hujafika mlangoni anakuita. Mama mdogo akageuka. Akaondoka polepole, koti likitikisika. Akafika ukutani. Kijana hakumwita. Alikuwa anamsaidia mtoto kukaa kwenye kiti. Mama mdogo akausoma ukuta kwa muda, kisha akarudi.

"Huyu hajafundishwa biashara," akaninong'oneza. "Zungumza naye wewe. Kikao kinakaribia."

Sikuwahi kumwomba mtu nisiyemjua kitu kisicho na bei. Mdomo ulikuwa umeshaganda, kwa hiyo nikafungua simu na kumpa. Akavua glovu moja. Akaziangalia picha zangu polepole, kibanda kitupu, kiti kitupu, waya, nguzo, magurudumu ya juu. Kwenye picha ya Baiyun ya asubuhi akasimama muda mrefu.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Naogopa kuwaomba," nikamjibu. Ni sentensi yangu ndefu kuliko zote za Kichina isiyozungumzia bei.

Kitambaa chake kikatikisika, alikuwa anacheka. Akatuelekezea kidole mama mdogo na mimi, kisha kiti, akachora duara hewani. Tupande bila kushuka juu, tuzunguke, turudi. Akapunguza mwendo, akatukalisha yeye mwenyewe na kutufungia chuma cha kuzuia tusianguke.

Miguu ilipoachana na ardhi mama mdogo akafumba macho na kushika mkono wangu. Nikawasha kurekodi.

"Mama, sema."

"Tuko juu?"

"Sana."

"Usiniambie." Akavuta pumzi, macho bado kafumba, na alipoanza kusema mvuke ukamtoka kama birika. "Wanangu wa Makete, mnaniona. Hii siyo chumvi. Naenda, upepo unanipiga kifuani, na mimi nimekaa humu ndani ya koti kama nipo jikoni naonja mboga. Kama Mungu anataka nishuke, nitashuka. Koti hili hapa." Akapiga kifua. Mimi nilishika simu kwa mikono miwili na haikutosha, upepo ulipita kwenye sweta kama haipo.

Tulituma tukiwa garini. Kikao kilikuwa kimeshaanza. Mama mdogo hakuulizia mikoba, wala dereva hakuwasha gari. Tulikaa tukitazama simu iliyolala mapajani mwake, mpaka sauti ya mwenyekiti ikaingia.

"Mama, video tumeiangalia wote, tumeirudia. Sauti yako imetulia kabisa. Lakini huyo aliyeshika simu anatetemeka, picha inaruka, na meno yake tunayasikia mpaka huku. Kwa hiyo tumemwona mwenye koti na tumemsikia asiye na koti. Yule mwenzako hakutuletea asiye na koti. Tunachukua lako. Na huyo kijana mpeni chai."

Mama mdogo akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akavua koti akanirushia. "Lako. Mshahara wa meno." Nililivaa hapohapo, na nililivaa Shiling nzima juani, dereva akisikitika, "Moto mingi, moto mingi."

Picha zangu za lifti za mle ukumbini zote zina ukungu, mkono haukutulia hata kwenye moja. Iliyo safi ni ya yule kijana wa lifti, aliyotupiga kwa simu yake tukiwa angani na kunitumia kabla hatujatoka. Mama mdogo ni duara jekundu lililofumba macho. Mimi nimejikunja pembeni kama kifaranga aliyenyeshewa.

Nimeiweka pamoja na zile nyingine. Mama mdogo alipoifikia, baada ya viti vitupu vyote, akaikuza kwa vidole viwili.

"Haya," akasema. "Wageni wa harusi wamefika."