Chai ya Rangi Nyumbani kwa Mfugaji

Siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na leo umenirudisha kwenye siku hiyo uliponiuliza kama mtu aliyeacha nyama, mayai na maziwa anaruhusiwa kunywa chai. Umeuliza huku unacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Mjomba wako Saning'o aliacha vitu hivyo kabla hujazaliwa. Ulikuwa mwaka wa ukame hapa Handeni, ndama wanakufa kila kukicha, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuwachuna ngozi. Baadaye akaenda Ngombezi kukata mkonge, na aliporudi kutusalimia hakugusa tena chochote kitokacho kwa mnyama. Fikiria, mtoto wa mfugaji!

Sasa kwetu, kama ujuavyo, mgeni haulizwi anakunywa nini. Chai inachemshwa kwa maziwa, maji kidogo tu. Ukimpa mtu chai ya rangi, ni kama umemwambia aondoke. Kaka akanifuata jikoni taratibu, akaniomba nimchemshie ya rangi. Nikamchemshia. Maji, sukari na majani yanayochumwa huko milimani. Mnyama yuko wapi humo? Baba akaingia uani, akamkuta ameshika kikombe kati ya majirani waliokuja kumsalimu.

"Hiki nini?"

"Chai, baba."

"Hii si chai. Anayekataa maziwa ya ng'ombe wangu amenikataa mimi."

Akampokonya kikombe, akamwaga chai chini mbele ya majirani. Bibi, yaani mama yake baba, akamkemea palepale: "Mwenzio amekataa maziwa tu. Wewe unamkataa mtoto." Lakini baba akishapandisha hasira alikuwa hasikii la mtu. Kaka akabeba begi lake, akaenda Mkata kusubiri basi.

Miaka ikaenda. Ukame ukarudi, ukatumalizia ng'ombe wote. Baba akazeeka akinywa chai ya rangi asubuhi na jioni, kwa kuwa hatukuwa na nyingine. Kila nikimpa kikombe alikitazama weee, kisha ananiuliza kama kaka yangu amepiga simu. Nilimjibu kwamba mtandao unasumbua. Baba alipofariki, kaka alikuja mazikoni, akachimba kaburi pamoja na wenzake, akaondoka bila kunywa hata maji. Mpaka leo nikimpigia anapokea, ananisalimu, anakata. Nimechoka kutumaini, mwanangu, na sioni haya kukwambia.

Basi nisikilize, wewe uliyeviacha kama mjomba wako. Chai kunywa, ila iwe ya rangi. Yenye maziwa ndiyo isiyokufaa. Ukifika kwa watu sema mapema, kabla sufuria haijabandikwa, sema kwa heshima, kisha kaa unywe pamoja nao. Wala usiwadharau wenye maziwa yao, maana wameyahangaikia juani. Na siku utakapokuwa na watoto wako, mmoja akikataa chakula chako, ondoa chakula, mtoto mwache akae.

Mungu akupe afya na riziki isiyokusumbua moyo. Akujalie nyumba ambayo watu wake wakiondoka hurudi, maana yetu haikujaliwa hivyo.